Mtoto wa miezi saba na yogati: mbona hata mtindi mtupu umeandikwa sukari?

mama_wa_kwanza

Habari za jioni wadau. Mwanangu ametimiza miezi saba, ananyonya vizuri, na uji, viazi na mboga za kuponda anakula. Nesi wa kliniki kaniambia naweza kuanza kumpa mtindi kidogo na kumtilia maziwa kwenye uji, ila vyenye sukari nisimpe. Nikatoka pale nimeelewa kabisa, mpaka nilipofika kwenye friji la supamaketi.

Kuna vikopo vya stroberi, vanila, embe, vingine vina katuni ya twiga. Nikageuza nyuma nikasoma. Cha stroberi, gramu 150, kimeandikwa sukari gramu 13.2 kwa kila gramu 100. Nikachukua pakiti ya nusu lita ya mtindi wa kawaida, ule mchachu ambao baba mkwe anashushia ugali. Nao umeandikwa sukari gramu 4.6! Viambato ni maziwa ya ng'ombe na kimelea cha kugandishia, basi. Sasa hiyo sukari imetoka wapi kama hawakuweka? Wananidanganya au kuna kitu sikielewi?

Mwezi ujao narudi kazini, mtoto atabaki na bibi yake na dada. Nataka kitu rahisi ambacho hakitaniletea ugomvi nyumbani.

kasuku_wa_mtaa

Naweka kigoda hapa nisubiri wajuzi. Mke wangu alinunua cha twiga, mtoto akakitema, nikamaliza mimi.

Chekeche

Mama, hawajakudanganya. Nimefanya kazi maabara ya kiwanda cha maziwa, na swali hili wateja walikuwa wanatupigia simu nalo kila mara.

Maziwa yoyote yana sukari yake ya asili, inaitwa laktosi. Ya ng'ombe huwa na gramu 4.5 hadi 5 hivi kwa kila mililita 100. Yakigandishwa, bakteria wanakula sehemu ya laktosi hiyo na kuigeuza asidi ya laktiki. Ndiyo sababu mtindi ni mchachu na namba yake hushuka kidogo. Jedwali la nyuma ya pakiti linajumlisha sukari zote kwa mkupuo, iliyotoka kwa ng'ombe na iliyotoka kwenye gunia. Hiyo 4.6 yako yote ni ya ng'ombe. Wala isikutishe: maziwa yako mwenyewe yana laktosi nyingi zaidi, karibu gramu 7, na mtoto anayanyonya tangu azaliwe. Tena laktosi haina utamu mkali, haufiki nusu ya utamu wa sukari tunayotia kwenye chai.

Sasa kile cha stroberi. 13.2 toa 4.5, unabaki na karibu gramu 9 kwa kila 100. Kikopo ni gramu 150, kwa hiyo sukari ya gunia humo ni kama gramu 13. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni gramu 4. Mtoto akimaliza kikopo kimoja kamaliza vijiko vitatu na ushee. Wewe mwenyewe kwenye kikombe cha chai unatia vingapi?

Ndugu zangu huwa nawaambia hivi: kwenye maziwa ya maji, mtindi au yogati, angalia sukari kwa gramu 100. Ikiwa 5 au chini yake, tia kwenye kapu. Ikiwa 6 au 7 soma viambato, pengine wameongeza unga wa maziwa au tunda lenyewe, na pengine ni sukari. Ikipita 8 rudisha, hata kama wamechora mtoto anacheka. Hesabu hii usiipeleke kwenye maziwa ya unga, kwa sababu kule maji yametolewa. Unga wa maziwa yenye mafuta yote una laktosi karibu gramu 38 kwa 100 bila mtu kutia chochote. Kwenye unga soma viambato tu.

Viambato vinapangwa kwa uzito, kizito kinatangulia. Ukiona maziwa halafu sukari, hapo hakuna mjadala. Na sukari haiji kwa jina moja: sukrosi, glukosi, dekstrosi, fruktosi, shira ya mahindi, asali, juisi ya tunda iliyokolezwa. Mjanja kuliko wote ni maltodekstrini. Kwenye jedwali mara nyingi inaingizwa kwenye wanga, haihesabiwi sukari, lakini ikishaliwa inavunjwa upesi kuwa glukosi.

mama_wa_kwanza

Asante sana Chekeche. Kumbe hesabu ni ya kutoa tu. Kuna nyingine imeandikwa mbele kwa herufi kubwa kwamba haina sukari, na pembeni yake moja isiyo na mafuta kabisa. Je hizo?

Chekeche

Zote mbili ziache kwa watu wazima.

Isiyo na sukari lakini inanukia vanila na ni tamu, huo utamu umetoka mahali. Tafuta kwenye viambato sukralosi, aspatame au asesulfame. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu ulishaji wa watoto wa miezi 6 hadi 23 unasema vyakula vyenye sukari nyingi wasipewe, na vitamu bandia navyo wasipewe. Isiyo na mafuta nayo: mtoto chini ya miaka miwili anahitaji mafuta ya maziwa, tumbo lake dogo na nguvu anazotumia ni nyingi. Chukua yenye mafuta yote.

Iliyoandikwa kwamba hakuna sukari iliyoongezwa, hiyo inaweza kuwa sawa, ila bado geuza nyuma. Wakati mwingine wametia juisi iliyokolezwa badala ya sukari.

Shangazi_wa_Moshi

Watoto wa siku hizi mnawalea kwa kikokotoo. Sisi tulikunywa uji una sukari, na maziwa ya kopo yale mazito tukilambishwa kwa kidole, na tuko hapa. Mtindi ule mchachu mtoto atakunja uso autapike. Kama hamtaki sukari basi mtilieni asali, ile ni ya nyuki, haina kemikali.

baba_wawili

Shangazi shikamoo. Kwenye asali naomba tusimame kidogo, tena kwa heshima. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi asali hata ya kulambishwa. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaoitwa Klostridiamu botulinamu. Tumbo la mtu mzima linazidhibiti, la mtoto mchanga bado haliwezi. Zinaota humo ndani na kutoa sumu inayolegeza misuli: mtoto anakosa choo, analia kwa sauti dhaifu, shingo inalegea, ananyonya kwa shida, na inaweza kufika kwenye pumzi. Kuichemsha asali kwenye uji hakusaidii, zile mbegu hazifi kwa moto wa jikoni. Haijalishi asali imetoka Tabora au dukani.

Shangazi_wa_Moshi

Marahaba. Hilo la asali sikuwahi kuambiwa na nesi yeyote. Nimelipokea. Ila la kukunja uso nipo palepale.

Chekeche

Shangazi, kukunja uso atakunja kweli. Uso ule ni wa kushangaa ladha mpya, mara nyingi si kukataa. Kila mtoto anazaliwa anapenda tamu, hilo halihitaji kufundishwa. Mchachu na mchungu ndivyo vinavyofundishwa, na inaweza kuchukua kuonjeshwa mara nane, mara kumi au zaidi kwa siku tofauti mpaka akubali. Kijiko kimoja leo, kimoja keshokutwa, hakuna kulazimishana. Ukimwanzia cha stroberi, siku utakapompa mtindi mtupu ndipo utauona ugomvi wa kweli.

Yale maziwa mazito ya kopo karibu nusu ya uzito wake ni sukari iliyotiwa. Hata mtu mzima ni ya kupaka kwenye mkate, si ya kumlea mtoto.

mzazi_nairobi

Salamu kutoka Kenya. Kwetu mtindi tunauita maziwa lala, kwa kifupi mala, na tahadhari ni ileile: mala ziko za aina mbili kwenye rafu moja, iliyotiwa sukari na isiyotiwa, pakiti zinafanana sana. Mimi huchukua isiyotiwa naipondea parachichi. Inakuwa laini, uchachu unapungua, na mafuta ya parachichi ni mazuri kwa mtoto. Ndizi mbivu pia, papai pia. Tunda likipondwa zima na nyuzi zake si sawa na kumpa juisi.

Mursik ya kibuyu mimi nimemwekea mtoto hadi akue. Ni chakula cha heshima kwetu, lakini mara nyingi hutengenezwa kwa maziwa ambayo huna hakika yalichemshwa, na ndani ya kibuyu hakuoshwi kama chupa.

baba_wawili

Umegusa swali langu. Mimi nanunua kwa kijana anayepita na baiskeli na madumu, maziwa ya asubuhi kabisa. Fundi wa maziwa hapo juu, je nikigandisha mwenyewe si nitakuwa na uhakika hakuna sukari?

Chekeche

Sukari hutakuwa nayo. Wasiwasi wangu kwenye dumu ni mwingine: brusela, kifua kikuu cha ng'ombe, na bakteria wa kinyesi wanaoingia wakati wa kukamua. Watu wengi wanaamini uchachu unaua vyote. Hauui. Brusela anaweza kuishi ndani ya maziwa yaliyoganda yenyewe bila kuchemshwa, na homa yake ni ya kwenda na kurudi, viungo vinauma, watu wanatibiwa malaria bila kupona. Kwa hiyo mtindi wa mtoto unaanzia kwenye sufuria.

Chemsha mpaka yafoke, punguza moto, koroga dakika chache, epua. Yaache yapoe mpaka ukidondoshea tone juu ya kiganja unasikia uvuguvugu usiochoma, kwenye nyuzi 40 na kidogo. Yakiwa ya moto sana utaua kimelea cha kugandishia, yakipoa sana hayatashika. Chota vijiko viwili vya mtindi mtupu wa dukani kwa kila lita moja, koroga na maziwa kidogo pembeni kwanza, kisha changanya vyote. Weka kwenye hotipoti safi iliyosuuzwa kwa maji ya moto, funika, usiiguse usiku kucha. Asubuhi yameshika kama uji wa jana. Yakishashika yaingie kwenye friji, na mtoto ayamalize ndani ya siku tatu.

Kimelea chako kinaweza kutoka kwenye mtindi uliotengeneza jana, lakini baada ya mizunguko michache nunua pakiti mpya, kwa sababu vijidudu vingine vya jikoni huanza kuingia na ladha inaharibika.

mama_wa_kwanza

Hii ya hotipoti nitaijaribu. Swali lingine wadau: nikirudi kazini, wanaweza kumpa maziwa ya ng'ombe kwenye kikombe badala ya ya kwangu? Mama mkwe anasema maziwa ni maziwa.

mkunga_mstaafu

Binti, kwenye hilo wataalamu hawasemi kitu kimoja, nikueleze kama lilivyo. Uingereza na Marekani wanashauri maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji kikuu mpaka mtoto atimize miezi 12, ila kuyatumia kupikia na kumpa mtindi au yogati kuanzia miezi sita hawana tatizo nako. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo huohuo wa 2023, linakubali mtoto wa miezi 6 hadi 11 anayepewa maziwa mengine apewe ya kopo la watoto au ya mnyama. Ya mnyama yawe yamechemshwa, na mtoto awe anapata chakula chenye madini ya chuma.

Hayo madini ndiyo kiini. Maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo mno, yanazuia kile cha kwenye chakula kisifyonzwe vizuri, na kwa watoto wengine chini ya mwaka yanasababisha utumbo kuvuja damu kidogokidogo usiyoiona. Mtoto akishibishwa maziwa hana njaa ya maini wala maharage. Miaka niliyokaa kliniki niliona watoto wanene, weupe viganjani, mama anashangaa akiambiwa damu imepungua, maana "anakunywa maziwa sana". Hata akivuka mwaka, nusu lita kwa siku inamtosha.

Kwa hiyo ushauri wangu: kamua. Jifunze wiki hizi kabla hujarudi kazini. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa yanakaa friji siku nne, na nje saa nne kama chumba hakijazidi nyuzi 25. Kwa joto la Dar usiyaache nje muda huo. Bibi amnyweshe kwa kikombe. Mtindi ubaki chakula cha kijiko, vijiko viwili vitatu kwa kuanzia, na sahani yenyewe iwe na dagaa waliosagwa, maini, yai, maharage, na chungwa au papai pembeni ili chuma kiingie.

Siku ya kwanza ya mtindi iwe asubuhi, usimpe usiku. Ukiona vipele vya kuvimba, midomo au macho kuvimba, kutapika mfululizo, au damu kwenye choo, acha na umpeleke kituo cha afya. Akipumua kwa shida usingoje hata dakika. Huo unaweza kuwa mzio wa protini ya maziwa. Na msikimbilie maziwa ya mbuzi kama dawa yake, protini zake zinafanana mno na za ng'ombe.

baba_wawili

Nichomeke jambo. Aprili 2024 shirika la Public Eye la Uswisi pamoja na IBFAN, mtandao wa kimataifa unaotetea unyonyeshaji, walitoa ripoti kuhusu Nestlé. Walipima bidhaa za Cerelac na Nido zinazouzwa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini wakakuta nyingi zimetiwa sukari, wakati Cerelac kama hizo Uswisi hazikutiwa. Kampuni ilijibu kwamba inafuata sheria za kila nchi na kwamba imekuwa ikipunguza sukari. Tangu hapo jina kubwa kwenye kopo haliniambii kitu.

Chekeche

Ndiyo maana nasema lebo, lebo, lebo. Wala sitaki mtu aondoke hapa akidhani kampuni fulani ni salama na nyingine sumu. Kiwanda kilekile kinatoa mtindi mtupu mzuri kabisa na kikopo cha sukari tupu, vinakaa rafu moja.

Yale "maziwa ya kukua" ya mwaka mmoja hadi mitatu, WHO kwenye mwongozo ule inasema hayapendekezwi. Mtoto aliyevuka mwaka maziwa ya kawaida yaliyochemshwa yanamtosha, na ukitazama viambato vya baadhi ya hayo makopo utakutana na maltodekstrini niliyoitaja.

mama_wa_kwanza

Nimekaa na mama mkwe jana. Sikumwambia habari za gramu, nilimwonjesha kikopo cha stroberi na mtindi mtupu kwa zamu, kisha nikamtilia sukari vijiko vitatu kwenye sahani aone. Akasema "hii yote?" Tumekubaliana uji wa mtoto utapondewa ndizi, na kopo la sukari dada hatalisogeza karibu na sufuria ya mtoto. Amebaki na sharti moja, kwamba mtindi usiwe wa baridi.

mkunga_mstaafu

Yuko sahihi kuhusu baridi, si kwa sababu ya mafua bali mtoto atakula vizuri zaidi. Chota kwenye kibakuli chake, kiache juu ya meza dakika chache. Usilishie kwenye pakiti yenyewe: kijiko chenye mate kikirudi ndani, pakiti nzima inaharibika. Kilichobaki kibakulini kinatupwa. Na kama mnautia kwenye uji, tieni uji ukishaepuliwa na kupoa kidogo, vinginevyo utakatika mabonge na wale bakteria wazuri watakufa.

kasuku_wa_mtaa

Umeme ukikatika siku nzima je? Maana huku kwetu friji ni kabati la kuhifadhia vyombo.

Chekeche

Nunua pakiti ndogo, familia imalize iliyobaki siku hiyohiyo. Mtindi uliofunguliwa usikae kwenye joto zaidi ya saa mbili ukampa mtoto. Kama friji halina uhakika, maziwa ya boksi madogo yasiyotiwa ladha yanakaa bila friji mpaka ufungue, unayatumia kwenye uji na kuyamaliza. Angalia tu usibebe ya chokoleti, maboksi yanafanana.

mzazi_nairobi

Na jibini? Zile za vipembetatu watoto wangu wanazipenda, na sukari ni kama hakuna.

Chekeche

Sukari ni kidogo, chumvi ipo tele. Vile vipembetatu ni jibini iliyosindikwa kwa chumvi za kuyeyushia, kwa mtoto chini ya mwaka ningeviacha. Jibini ngumu ya kawaida iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyopashwa moto kiwandani, ikwangue kidogo juu ya viazi vya kuponda mara mojamoja, basi. Jibini laini za maziwa mabichi usimpe.

Shangazi_wa_Moshi

Chekeche, nikigandisha kwenye chupa ya chai badala ya hotipoti itashika?

Chekeche

Itashika vizuri sana shangazi, tena chupa inatunza joto kuliko hotipoti. Shida ni kuiosha shingo. Kama mkono hauingii, tafuta yenye mdomo mpana.